Nguruwe pori hawakuonja muhogo wangu mwaka huu

Nimechoka kuambiwa nipande muhogo mchungu. Kila ninayemweleza habari za nguruwe pori wanaofukua bustani yangu ananipa jibu hilo hilo, eti mchungu hawatausumbua, akisahau kwamba nina watoto. Wangu wanne wakitoka shule hupitia bustanini, wang'oe kipande, wamenye kwa meno na kukitafuna kibichi hapo hapo. Muhogo mchungu una sumu nyingi ya sianidi, na usipoandaliwa vizuri unaweza kuua. Mkoani Mtwara, hapo jirani tu, watu wamewahi kupooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa sababu ya muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo. Mimi hapa Nyangao, mkoani Lindi, napanda Kiroba, aina ya muhogo mtamu, na sikuwa tayari kuacha Kiroba kwa ajili ya nguruwe.

Wanatoka kwenye vichaka vya mto Lukuledi, usiku, kwa kundi. Mwaka juzi walifukua mashina kama thelathini kwa usiku mmoja. Kinachouma ni kwamba hawali yote. Wanang'ata ncha, wanapindua tuta, wanakwenda shina jingine, na asubuhi unakuta mizizi imetawanyika, kila mmoja na alama ya meno. Nilikaa juu ya tuta nikalia.

Shemeji yangu wa Liwale alikuja msibani akaiona hali ile. "Shemeji," akaniambia, "kwetu tembo wakitoka hifadhini tunawazuia kwa pilipili." Akanieleza: pilipili kichaa kavu itwangwe, ichanganywe na oili chafu, upakwe kwenye kamba ya katani na vitambaa, kisha kamba izungushiwe shamba. Oili nilipewa bure na fundi wa pikipiki. Pilipili niliitwanga mwenyewe, na hapo nisikilizeni: funga kitambaa puani, kaa upande ambao upepo unatoka, na kinu hicho usikirudishe jikoni. Macho yaliniwasha hadi kesho yake, na nilipombeba mtoto naye akaanza kulia kwa sababu ya mikono yangu.

Kamba nikaifunga usawa wa kifua, kama alivyoelekeza. Usiku wa tatu wakaja. Alfajiri nikakuta nyayo zimenyooka chini ya kamba, wala hakuna kitambaa kilichoguswa. Bila shaka! Kamba ile ni ya mnyama anayekuzidi urefu ukiwa umesimama, na nguruwe anatembea pua iko chini. Mashina saba yalikwenda usiku huo. Shemeji simlaumu, alinipa dawa ya mnyama anayemjua yeye.

Hapo ndipo nikaanza kutumia majivu, na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Kila jioni nilichota majivu ya jikoni, nikayatandaza kuizunguka bustani nzima, ukanda mwembamba wa upana wa mkono. Asubuhi nilizunguka nikiangalia. Mara ya kwanza waliingilia kona ya mwembe. Mara ya pili, kona ile ile. Ya tatu, kwato zimekanyaga karibu juu ya zile za jana yake, mpasuko wa kwato mbili umechorwa vizuri kwenye majivu. Bustani ina pande nne, nami nilikuwa nahangaika na zote, kumbe mlango wao ni mmoja. Walikuwa wakinyemelea kwenye kichaka cha shamba la baba mdogo, lililolala miaka kadhaa.

Nikaenda kumwomba nifyeke. "Fyeka, mwanangu," akasema, "ila mwembe wangu usiuguse." Nikafyeka hatua kama kumi na tano kutoka mpakani, pakawa peupe kabisa. Nguruwe hapendi kukatiza peupe. Kwenye ile kona tukajenga uzio wa fito, mbili za chini zikazikwa kwenye udongo, maana nguruwe harukii uzio, anauinua kwa pua kutoka chini. Ile kamba ya pilipili nikaishusha hadi chini ya goti. Inapakwa upya kila baada ya mvua kubwa, vinginevyo umefunga kamba tu. Nguzo, misumari na vijana wawili wa kunisaidia viligharimu kama elfu thelathini na kitu, chakula chao mbali.

Kuna aliyenishauri kutega sumu kwenye mahindi. Nilimkatalia usoni. Kuku wangu wanazurura humo, watoto wanazurura humo, na kuua wanyamapori hivyo ni kosa kisheria.

Ngedere ni habari nyingine, wao huja mchana kwenye mahindi na matango. Mimi nikiwafukuza walikuwa wanasogea mtini na kunitazama. Mume wangu akitokea tu, wanatoweka. Basi nikawa navaa koti lake na kofia yake, natokea kila siku upande tofauti na fimbo mkononi, saa zikibadilika. Wiki ya pili wakaanza kukimbia wakiliona koti. Lakini usilitundike kwenye mti ukaondoka. Nililitundika siku moja, nikarudi nikakuta ngedere amekaa chini yake anakula tango. Na mabibo yakianza kudondoka, kama sasa, wanahamia kwenye mikorosho nawe unapumua.

Juzi nilitandaza majivu tena kwenye kona ya mwembe, nione tu. Asubuhi kwato zilikuwa nje ya fito, zimesimama mahali pamoja, udongo umevurugwa kidogo kwa pua, kisha zikageuka kuelekea mtoni. Nikang'oa mashina mawili, nikayapika kwa nazi, na sahani moja nikampelekea baba mdogo.