Msimbo ni wa nani kabla ankara haijalipwa?

Wasanidi wengi wa tovuti tunaojitegemea tunaamini kwamba mteja asipolipa, msimbo, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha tovuti, unabaki kuwa wetu na kwa hiyo hana haki ya kuutumia. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo mara nyingi ni sahihi. Ya pili ndiyo inayotuponza.

Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ulioanzishwa mwaka 1886, hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo, na makubaliano ya TRIPS, ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, yaliyoanza kutumika mwaka 1995, yanataka programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi. Katika nchi nyingi, basi, msanidi asiye mwajiriwa ndiye mmiliki tangu anapoandika mstari wa kwanza hadi atakapoihamisha haki hiyo. Zipo hata hivyo nchi ambazo sheria humpa umiliki aliyeagiza kazi, na huko mkataba ukinyamaza, msanidi ameshapoteza kabla hata ya kudai.

Lakini kumiliki ni jambo moja na kumzuia mtu kutumia ni jambo jingine. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua shauri la kampuni iliyotengeneza vipande vya picha za filamu na kulipwa nusu tu ya bei iliyoahidiwa kwa kimojawapo. Mahakama ilisema kwamba kampuni ilibaki na hakimiliki, ila kwa kutengeneza kazi kwa ombi la mteja na kumkabidhi ili aitumie, ilikuwa imempa ruhusa ya kimyakimya. Iliweza kudai fedha zake, si kuizuia kazi. Msanidi anayemtumia mteja mafaili yote kwa nia njema huku akisubiri malipo ya mwisho yumo katika hatari hiyohiyo.

Ruhusa ya kimyakimya huzibwa kwa maneno ya wazi, na kwa maoni yangu kifungu hiki kina thamani kuliko kurasa kumi za mkataba ulionakiliwa mahali: “Hakimiliki ya msimbo itahamia kwa Mteja siku malipo yote yatakapopokelewa. Kabla ya siku hiyo Mteja anaruhusiwa kuukagua na kuujaribu tu, na haruhusiwi kuuweka hewani wala kumkabidhi mtu mwingine.” Kifungu kisainiwe kabla kazi haijaanza, pamoja na malipo ya awali na malipo ya kila hatua, ili deni la mwisho lisiwe kubwa kiasi cha kumshawishi mtu kutoweka.

Baada ya karatasi kuna suala la nani ameshika nini. Mteja aikague tovuti kwenye seva ya msanidi, yenye nenosiri, kwa kuwa kivinjari hupokea sehemu ya nje tu: picha pamoja na msimbo wa HTML, CSS na JavaScript. Msimbo wa PHP, unaofanya kazi ndani ya seva, na hifadhidata hubaki hukohuko. Sura ya nje inaweza kunakiliwa, injini haiwezi. Hapa watu huteleza kwenye jambo dogo: mteja anaomba akaunti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ili aingize maandishi, naye anapewa cheo cha msimamizi. Msimamizi anaweza kusakinisha programu-jalizi ya nakala rudufu na kuondoka na tovuti nzima, hifadhidata ikiwemo, kwa dakika chache. Cheo cha mhariri kinamtosha kabisa kwa maandishi na picha.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu ni Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo. Hata hivyo, tarehe zilizomo ndani ya Git zinaweza kubadilishwa na mwenye kompyuta, kwa hiyo usukume kazi mara kwa mara kwenye hazina ya mbali, yaani nakala inayotunzwa mtandaoni na kampuni nyingine, iliyo kwenye akaunti yako, si ya mteja, ili pawepo na kumbukumbu za mtu wa tatu.

Nisichokubaliana nacho ni kufuli la siri linaloizima tovuti tarehe fulani ikipita. Mwaka 1993 msanidi mmoja nchini Uingereza alitiwa hatiani chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 1990 kwa kufuli la namna hiyo, baada ya mgogoro wa malipo, ingawa hakimiliki ilikuwa yake: mkataba haukuwa umempa haki ya kuizima programu. Anayedai akageuka mshtakiwa.

Usiahidi pia kuhamisha usichokimiliki. WordPress na maktaba nyingine huria zina leseni zake, na zana ulizojiandikia kabla ya kazi hii zibaki zako, mteja apewe leseni ya kuzitumia.

Mteja akiiweka tovuti hewani bila kulipa, barua ya madai hutangulia. Ikishindikana, kampuni inayohifadhi tovuti inaweza kupelekewa taarifa ya ukiukaji. Kwa kampuni za Marekani utaratibu huo umewekwa na DMCA, sheria ya nchi hiyo ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, ambayo inampa mteja nafasi ya kupinga na inamwajibisha anayedai uongo kwa kujua. Taarifa iambatane na ankara, barua ya madai na kile kifungu, kwa maana bila kifungu mteja atajibu kwamba alikabidhiwa kazi ili aitumie, na huenda akasikilizwa.