Nyota Mbele ya Jina

Mwaka 2014 chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita nihamishie orodha ya wanachama kwenye programu mpya. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa imeungua. Kilichosalia ni flashi, na ndani yake folda moja: picha za mkutano mkuu, faili iitwayo Thumbs.db, na nyingine WANACHAMA.DAT.

Kuona .db tu, nikajua hifadhidata ndiyo hiyo. Nilihangaika nayo tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. SQLite ikaikataa, Access ikaikataa. Kumbe ni ghala la vijipicha ambalo Windows XP hujiwekea yenyewe kwenye folda za picha! Aibu nikaimeza na chai.

Ikabaki ile ya .DAT, na .DAT haikuambii kitu, kila mtunga programu huitumia apendavyo. Notepad ilinionyesha takataka, katikati yake majina ya watu yamebanana. Nikatoa nakala (ya asili huigusi, hata ukijiamini vipi) nikaifungua kwa programu ya HxD nione baiti zenyewe, yaani namba zinazoiunda faili. Ya kwanza: 03. Tatu zinazofuata: 67 0B 1C. Hiyo 67 ya heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, ni 103 ya kawaida. Jumlisha 1900 upate 2003, mwezi wa 11, tarehe 28. Faili ya dBase, ile programu ya zamani ya hifadhidata! Huandika palepale mlangoni siku iliyoguswa mwisho. Nikabadili jina la nakala liishie .DBF, LibreOffice Calc ikaifungua bila kelele: NAMBA, JINA, HISA.

Mhasibu mstaafu akaitwa aje ahakiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeifungua?" Akacheka. Jina alilibadili yeye mwenyewe. "Vijana wa ofisini walikuwa wakiibofya, inafunguka kwenye Excel, wanachezea hisa za watu. Nikaivalisha kanzu nyingine."

Ila hesabu haikukubali. Kichwa cha faili kilitaja rekodi 412, daftari lake lilikuwa na watu 389. Nikarudi kwenye HxD. Rekodi 23 zilianza na nyota, baiti 2A, mahali ambapo nyingine zina nafasi tupu, baiti 20. Ukimfuta mtu kwenye dBase haondoki. Hupigwa nyota tu, akabaki amelala humo mpaka utoe amri ya PACK. Mzee hakuwahi kuitoa.

Nikamsomea moja moja. Huyu alihama. Huyu marehemu. Huyu alichukua hisa zake akafungue duka. Jina la kumi na saba akaninyamazisha kwa mkono, akavua miwani.

"Huyo mama hakutoka. Alikuja kulalamika, nikamwambia hayumo kwenye mashine." Akasogeza kiti. "Anarudishika?"

Nikaweka kishale juu ya 2A, nikaandika 20, nikahifadhi.

"Basi?"

"Basi, mzee."

Akatoa kalamu, akafungua daftari, akatafuta mstari mtupu chini ya yule wa 389.