Ujumbe wa maneno manne

Namba ya mwanasaikolojia ilikaa kwenye simu yangu miezi saba. Kila nikitaka kupiga najiambia wapo wenye shida kubwa kuliko zangu, nisiwazibie nafasi. Usingizi ulikuwa umeniruka, chakula hakipiti. Dada akanikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Alisema kwa upendo, ila mimi nilisikia lawama nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo.

Kupiga sikuweza. Usiku mmoja nikaandika: "Naogopa kuja, naomba nafasi." Asubuhi mwanasaikolojia akajibu kwamba tunaweza kuanza na huo huo woga.

Kikao kilikuwa cha dakika 50, na sidhani kama nilizungumza hata 10. Alinieleza kwamba nitakayosema ni siri, isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na kwamba swali nisilolitaka nisilijibu. Kisha akanyamaza pamoja nami. Sijui niseme nini kuhusu ule ukimya. Sikuwahi kukaa na mtu nikiwa katika hali ile bila kudaiwa maelezo.

Baadaye nilijua anafuata tiba ya huruma iliyoasisiwa na Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza. Gilbert aliona wagonjwa wenye aibu nzito wakijifunza kujipa hoja nzuri kabisa, lakini wanajiambia hoja hizo kwa ukali ule ule. Nilijitambua papo hapo. "Umefanya ulivyoweza" nilikuwa najiambia kila siku, kwa sauti ya kukaripia.

Basi zoezi langu likawa hilo: kupumua taratibu, kisha kurudia sentensi ile kwa sauti ninayomsemeshea mtoto wa dada akiumia. Wiki za mwanzo nililichukia. Upole ulinitisha kuliko ukali, kifua kinabana, machozi yanatoka bila sababu ninayoijua. Nilipomwambia nataka kuacha hakunibembeleza wala hakunishinikiza. Alisema woga wa kuhurumiwa wanao wengi, akapunguza zoezi likawa pumzi tatu tu. Kwa hizo tatu ndipo niliporudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Sasa nalala. Ile sauti kali bado huja, hasa nikikosea kazini, ila naitambua ikiwa mlangoni.

Juzi rafiki yangu ameniuliza mtu anaanzaje. Nimemtumia yale maneno yangu manne, ayabadilishe atakavyo.