Anayejiita Mweusi Ili Apate Kiti: Somo la Brazili

Akitajwa mtu aliyejipa rangi isiyo yake, wengi humkumbuka Rachel Dolezal, Mmarekani aliyeongoza tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini Spokane mpaka Juni 2015, wazazi wake waliposema hadharani kwamba binti yao ni mzungu. Mabishano yaliyofuata yalihusu nafsi: je, mtu anaweza kujihisi mweusi, na kujihisi kwake kunatosha? Swali hilo naliona la kando, kwa sababu halimtaji aliyeumizwa. Nchi iliyolazimika kuuliza swali lenyewe ni Brazili. Kule rangi imefungamanishwa na kiti cha chuo kikuu na ajira ya serikali, kwa hiyo uongo ukisemwa, aliyeachwa nje anaweza kuhesabiwa.

Brazili ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliotiwa utumwani, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, wakiwemo waliopakiwa melini Msumbiji. Ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa ya mwisho katika bara hilo. Haikuwa na sheria ya kuwaandikisha watu kwa rangi kama ile ya Afrika Kusini ya 1950. Karani wa sensa humwachia kila mtu ajitaje mwenyewe, achague jibu moja kati ya matano: mweupe, mweusi, pardo (mwenye rangi ya mchanganyiko), mwenye asili ya Asia ya mashariki, au mwenyeji wa asili. Sensa ya 2022 ilipata pardo 45.3%, weupe 43.5% na weusi 10.2%. Kisheria weusi na pardo huhesabiwa kundi moja, na nafasi maalumu za masomo na kazi zinazotengwa kwa rangi ni zao wote. Tatizo linaanzia hapo, maana pardo ni neno pana mno: linamchukua mtu ambaye polisi humsimamisha kila wiki, na linaweza kudandiwa na mtu ambaye hajawahi kutazamwa vibaya maishani mwake.

Sheria namba 12.711 ya tarehe 29 Agosti 2012 inavitaka vyuo vikuu vya serikali ya shirikisho vitenge nusu ya nafasi za kila kozi kwa waliosoma sekondari za umma. Nusu hiyo hugawanywa tena katikati kwa kipato cha familia. Ndani ya kila fungu hukatwa sehemu ya weusi, pardo na wenyeji wa asili, kulingana na wingi wao katika jimbo husika. Chukua kozi ya udaktari yenye nafasi 100 katika jimbo la Rio Grande do Sul, ambako weupe ni zaidi ya robo tatu ya watu. Nafasi 50 ni za shule za umma, yaani 25 za wenye kipato cha chini na 25 za wengine. Makundi yanayolengwa ni kama 21% ya jimbo, kwa hiyo kila fungu la 25 linatoa 5 na ushei, zinapandishwa kuwa 6. Jumla ni 12. Wakiingia waongo watatu, robo ya mgao imeliwa. Walioikosa ni wa 13, wa 14 na wa 15 kwenye orodha, wana majina na alama zao za mtihani, nao wamerudi nyumbani wakiamini kwamba hawakusoma vya kutosha.

Jambo hili limetokea kweli. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Pelotas, katika jimbo hilohilo, kiliwaondoa wanafunzi 24 wa udaktari waliokuwa wameingia kwa nafasi za rangi ambazo hawakustahili. Kwa kozi kama hiyo niliyoipigia hesabu, 24 ni mgao wa miaka miwili mizima. Kuwafukuza hakukumrudishia mtu kiti. Mwanafunzi akitolewa akiwa mwaka wa tatu, kiti chake hakina wa kukikalia, kwa kuwa aliyestahili kukipata alishakata tamaa au alishaingia kozi nyingine. Ndiyo maana nasema ukaguzi unaofanyika baada ya usajili ni nusu ya ukaguzi. Chuo kinachosubiri mashtaka ya wanafunzi wenzao ndipo kichunguze kinajua kwamba aliyedhulumiwa hatalipwa.

Miaka ya mwanzo uongo ulikuwa rahisi mno. Fomu ilikuwa na sentensi moja na sahihi, basi. Vyuo vilipoanza kudai picha, wadanganyifu wakaanza kujiandaa: kuota jua wiki kadhaa, kupaka podari ya rangi nyeusi kidogo kuliko ngozi, kusuka nywele au kuzisokota, kupiga picha kwenye mwanga hafifu. Walioitwa kujieleza walikuja na utetezi ambao bado unasikika mpaka leo: picha ya bibi mweusi, na siku hizi majibu ya kipimo cha DNA.

Utetezi wa bibi unahitaji kujibiwa kwa heshima, maana mara nyingi bibi huyo yupo kweli. Mwanasosholojia Oracy Nogueira alieleza katika miaka ya 1950 kwamba ubaguzi wa Brazili unafuata alama za mwili, tofauti na ule wa Marekani uliofuata ukoo. Marekani ya sheria za ubaguzi, babu mmoja mweusi alitosha kumfungia mtu mlango hata awe mweupe kiasi gani. Brazili, mlinzi wa duka haulizi ukoo; anaangalia ngozi, nywele, pua na midomo, kisha anaamua amfuate nani. Basi kama nafasi maalumu zimewekwa kufidia madhara ya kutazamwa hivyo, haziwezi kumfidia ambaye hatazamwi hivyo. Damu ya bibi ni urithi wa mtu na ana haki ya kujivunia. Lakini damu hiyo haimpi haki ya kudai kiti.

Hapo ndipo zilipozaliwa kamati za utambuzi. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Juni 2017 kwamba ni halali kuhakiki tamko la mtu, mradi utu wake uheshimiwe na apewe nafasi ya kujitetea. Aprili 2018 ikatoka kanuni ya wizara kwa ajili ya ajira za serikali, na vyuo vingi vikaiga mfumo wake. Kwa kanuni hiyo, kamati ina wajumbe watano na wa akiba wao, waliochanganywa kwa jinsia, rangi na mahali walikozaliwa, na waliopitia mafunzo ya usawa wa rangi. Mchanganyiko wa mahali si pambo: mtu anayeonekana pardo bila ubishi huko Santa Catarina, jimbo la kusini lenye weupe wengi, anaweza kuchukuliwa mweupe mjini Salvador, wenye weusi na pardo wengi, hivyo kamati ya watu wa mtaa mmoja itaamua kwa jicho la mtaa mmoja.

Utaratibu wa kanuni ya 2018 ulikuwa hivi: mwombaji huitwa baada ya mtihani na kabla ya majibu ya mwisho kutangazwa. Katika ajira, wanaoitwa ni angalau mara tatu ya nafasi zilizotengwa, au watu kumi, idadi iliyo kubwa ndiyo inayotumika, ili akikataliwa mmoja awepo anayefuata ambaye tayari amekaguliwa. Kikao kinarekodiwa kwa video, na anayekataa kurekodiwa anaondolewa. Wajumbe wanaangalia mwonekano wake siku ile tu: hawapokei vyeti, picha za zamani, majibu ya DNA, wala uamuzi wa kamati nyingine. Hawajadiliani mbele yake. Wanaamua kwa wingi wa kura na kuandika sababu. Mwombaji akikataliwa anakata rufaa kwa watu watatu wengine, ambao wanatazama video, sababu zilizoandikwa na maelezo yake. Juu ya yote hayo kuna kanuni ninayoiona kuwa roho ya mfumo mzima: tamko la mtu linachukuliwa kuwa la kweli mpaka lionekane vinginevyo, na shaka ya msingi ikibaki, tamko ndilo linalosimama.

Mahali ambapo kamati zimeharibu panajulikana, na kila kosa lina sababu yake. Chuo Kikuu cha Brasília, cha kwanza kati ya vyuo vya shirikisho kuwa na nafasi hizi, kilikuwa kinaamua kwa picha. Mwaka 2007 kilipokea maombi ya mapacha wanaofanana. Mmoja akakubaliwa, mwingine akakataliwa. Picha iliwapa watu wanaofanana majibu mawili tofauti. Chuo kikaacha picha, kikaanza mahojiano ya ana kwa ana. Pamoja na funzo hilo, mwanzoni mwa 2024 Chuo Kikuu cha São Paulo kilijikuta mahakamani baada ya kuwakataa vijana waliojitambulisha kuwa pardo, kwa kutumia picha na kikao kifupi cha video. Kamera ya simu husawazisha mwanga yenyewe na inaweza kuing'arisha ngozi. Hilo peke yake latosha kutaka mtu aitwe chumbani, na chuo kilichoshindwa kumlipia maskini nauli ya basi kisimlipishe kwa kumkosesha kiti.

Kosa baya zaidi lilifanywa 2016 na Taasisi ya Shirikisho ya Pará, iliyotangaza nafasi za kazi pamoja na jedwali la kupima weusi: upana wa pua, midomo, taya, umbo la fuvu, nywele, kila kimoja na alama zake. Kelele zilipopigwa, jedwali likaondolewa. Msomaji wa Rwanda au Burundi hahitaji kuelezwa kwa nini jedwali lile ni sumu. Wakoloni walipima pua na fuvu, Wabelgiji katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho, na vitambulisho hivyo vikatumika kuchagua wa kuuawa mwaka 1994. Kamati ya Brazili ina swali moja halali: watu wa hapa wanamtazamaje huyu? Ikianza kuuliza yeye ni nini kwa ndani, imeshapotea njia.

Kwa nafasi za wenyeji wa asili na za quilombola, yaani vizazi vya jamii zilizoanzishwa na watu waliotoroka utumwa, sura haina kazi. Linaloangaliwa ni kutambuliwa na jamii yenyewe, kwa kawaida kwa barua iliyosainiwa na viongozi wake. Uongo wa huko ni wa aina nyingine: barua iliyonunuliwa, au jamii ambayo mwombaji hajakanyaga tangu azaliwe.

Tukirudi kwenye maadili, naona lazima tutenganishe watu watatu. Wa kwanza anajua. Maisha yake yote alijaza mweupe, akabadilika wiki ya kuomba chuo. Huyo amemnyang'anya mtu kitu, na kumwita aliyechanganyikiwa kuhusu nafsi yake ni kumsaidia kujificha. Wa pili yuko mpakani kweli: kwao anaitwa kahawia, shuleni aliitwa mweupe, hana uhakika. Akijitangaza pardo hajatenda kosa lolote hata kamati ikikataa, na kanuni ya 2018 ilimdhulumu ilipoagiza atupwe nje ya shindano zima hata kama alama zake zilitosha kwa nafasi za wote. Sheria namba 15.142 ya tarehe 3 Juni 2025, iliyopandisha mgao wa ajira za shirikisho kutoka 20% hadi 30%, hairuhusu hilo tena: anayekataliwa bila hila anaendelea kwenye nafasi za wote, na anayeondolewa ni mdanganyifu. Wa tatu ni pardo halisi anayeogopa kuomba kwa kuwa amesikia habari za mapacha na mahakama. Huyu hatajwi sana, ila waongo wamemgharimu yeye zaidi ya mtu yeyote, maana bila wao kamati zisingekuwepo na neno lake lingetosha. Namshauri aombe, aende na uso wake wa kila siku, nywele kama zilivyo, bila vipodozi. Asibebe albamu ya familia. Akikataliwa, adai sababu kwa maandishi kabla ya kuandika rufaa, kwa kuwa rufaa isiyojibu sababu iliyotolewa huishia kuwa malalamiko tu.

Pale ambapo hakuna kamati ya lazima ni kwenye siasa, na huko fedha ni nyingi. Kwa marekebisho ya katiba ya 2021, kura za ubunge wa shirikisho zinazoangukia wanawake na wagombea weusi au pardo zinahesabiwa mara mbili wakati wa kugawa ruzuku kwa vyama, mpaka 2030. Marekebisho ya 2024 yamewatengea wagombea weusi na pardo 30% ya fedha za kampeni. Mwaka 2022 ACM Neto, mgombea ugavana wa Bahia kutoka ukoo mkubwa wa kisiasa, alijiandikisha pardo, na watu wa jimbo ambalo karibu wanane kati ya kumi ni weusi na pardo wakabishana naye mpaka siku ya kura. Alisema ndivyo anavyojiona, na sheria haikuwa na la kumwuliza zaidi. Kuanzia uchaguzi wa 2024 mahakama ya uchaguzi humtaka mgombea aliyebadili rangi yake tangu uchaguzi uliopita athibitishe badiliko hilo. Akithibitisha kwa neno lake, fedha zinatoka. Mtu anayeomba kazi ya ukarani anakaa mbele ya watu watano na kamera. Anayeomba kutawala jimbo anaulizwa kwa barua.