Nilivyoamua kura yangu bila kumwachia padre kazi hiyo

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa, namba 2240, inaweka kupiga kura pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi, na inasema ni wajibu wa kimaadili. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba Kanisa likishakutuma uende, jina la mgombea halikutajii. Nilimfuata padre wetu nikiwa na matumaini kidogo. "Padre, kwa hali ilivyo, wewe ungemchagua nani?" Akacheka. "Mwanangu, ukitaka kuchambua tutachambua wote. Kalamu utaishika mwenyewe."

Alichonipa ni swali: je, ninajua dhamiri ni nini? Nilidhani najua. Wengi wetu tukisema "dhamiri yangu inaniambia" tunamaanisha moyo umependa, au umechukia. Katekisimu, namba 1778, inasema dhamiri ni hukumu ya akili. Hukumu haitolewi kabla ya kusikiliza ushahidi. Na namba 1791 inambana mtu ambaye hajali kutafuta ukweli na wema: ujinga wa namna hiyo ni lawama yake mwenyewe. Kwa hiyo kusema tu "nilifuata dhamiri" hakuniondolei kitu kama dhamiri yenyewe sijailisha.

Nikachukua daftari. Kila mgombea nikampa ukurasa wake, nikaandika sababu za kumchagua jinsi zilivyonijia, bila kuzipamba. Kwenye ukurasa mmoja zilisomeka hivi: anaongea vizuri, anatoka kwetu, mpinzani wake ana kiburi, alitusaidia kwenye harambee ya kanisa. Nilizisoma kwa sauti, nikabaki natafuta ni ipi kati ya hizo inamhusu mtu mwingine yeyote zaidi ya mimi na jamaa zangu. Mafundisho jamii ya Kanisa yanazungumzia utu wa kila mtu, manufaa ya wote, mshikamano, na kanuni ya auni, yaani mamlaka ya juu isipore kazi ambayo familia au jumuiya ya chini inaweza kuifanya. Sababu zangu nne hazikugusa hata moja. Nikachana ule ukurasa nikaanza upya.

Mara ya pili niliandika nikiwa na Gaudium et Spes mezani, hati ya mwaka 1965 ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Namba 27 ina orodha ya mambo yanayomdhalilisha binadamu na kumvunjia heshima Muumba: mauaji ya kila aina, maangamizi ya kimbari, utoaji mimba, eutanasia (kumuua mgonjwa ili kumwondolea maumivu), mateso, watu kufungwa na kuhamishwa kiholela, utumwa, biashara ya wanawake na watoto, na mazingira ya kazi yanayomgeuza mfanyakazi kuwa chombo cha faida. Nasema kweli, orodha hii haimfurahishi shabiki wa chama chochote. Ukifika katikati yake umeshakuta jambo ambalo chama chako kinalifumbia macho.

Hiyo haina maana kwamba mambo yote yana uzito sawa. Uhai wa mtu asiye na hatia ndio msingi, haki nyingine zote zinasimama juu yake. Namna ya kupanga kodi, au kiasi cha ruzuku, ni mambo ambayo Wakatoliki wawili wema wanaweza kubishana mpaka usiku na wote wakapokea Komunyo asubuhi. Hapo inahitajika busara, ile fadhila ya kwanza kati ya zile nne kuu, ambayo siku hizi tunaichanganya na woga.

Kilichonifungua macho zaidi ni swali ambalo sijalisikia likiulizwa sana: nafasi hii inayogombewa ina mamlaka ya kufanya nini? Tulikuwa tunachagua diwani na mbunge. Diwani hatungi sheria ya kulinda uhai wala ya wakimbizi. Anasimamia huduma za karibu na fedha zake. Kwake nilitazama uaminifu zaidi ya hotuba: fedha alizokabidhiwa zamani zilikwenda wapi, na je, anajibu akiulizwa? Nilimaliza ukurasa huo haraka.

Kwa mbunge ilikuwa kazi. Mmoja alikuwa na mipango mizuri kwa wagonjwa na maskini, lakini alikuwa tayari kuunga mkono sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Wa pili alimtetea mtoto aliye tumboni kwa nguvu zote, halafu aliwazungumzia wakimbizi kama takataka. Hapo nilitamani kubaki nyumbani. Nilimwambia kaka yangu kwamba nitaiharibu kura nirudi zangu.

"Dada, na kura ikiharibika, bunge litakaa wazi?" akaniuliza. Mmoja kati ya hao wawili angeingia kwa vyovyote.

Nikarudi kwa padre, akanieleza tofauti ambayo Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, aliiandika mwaka 2004 kwa maaskofu wa Marekani. Mtu akimpigia kura mgombea kwa sababu hasa anaunga mkono utoaji mimba au eutanasia, anashiriki uovu huo kwa nia. Asipokubaliana na msimamo huo, akampigia kwa sababu nyingine, ushiriki wake ni wa mbali, na unaweza kuruhusiwa pakiwa na sababu zenye uzito unaolingana. Kazi yote imo katika maneno hayo ya mwisho. Padre alinitaka niseme sababu zangu na nizipime dhidi ya ubaya wenyewe, nisiishie kusema ninazo. Nilipima pia uwezekano: sheria ile ilikuwa na nafasi gani ya kupita, na maneno yale juu ya wakimbizi yangegeuka amri ya kuwafukuza au yangeishia jukwaani? Papa Fransisko, alipoulizwa swali la namna hii ndani ya ndege akitoka Singapore mwaka 2024, alisema mtu achague ubaya ulio mdogo, na kila mmoja aamue kwa dhamiri yake. Jibu hilo liliwaudhi wengi. Mimi lilinikalisha tena mezani.

Nilisali, ndiyo, na nilikwenda kuungama kabla, maana chuki niliyokuwa nayo kwa mmoja wa wale wagombea ilikuwa inapindisha mizani.

Nilimchagua nani? Kura ni siri, na nina sababu ya ziada ya kunyamaza: Gaudium et Spes namba 43 inakataza mtu kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake. Kaka yangu alichagua yule mwingine. Alikuwa amepima, nami nilikuwa nimepima, na tulionyeshana daftari zetu. Bado naona sababu zake ni nyepesi kidogo, naye anaona hivyo hivyo kwangu.

Lakini tulipatana jambo moja kabla matokeo hayajatangazwa. Kama mtu nimemchagua japokuwa ana msimamo ninaoupinga, basi mimi ndiye wa kwanza kumsumbua juu ya msimamo huo, kwa kuwa hawezi kuniambia mimi ni mpinzani wake. Mgombea wangu alipita. Wiki alipoapishwa nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja: aya ya kwanza ya pongezi, zilizobaki zote juu ya lile moja. Alinijibu kwa mistari miwili ya adabu isiyosema kitu. Ya pili nimeshaiandika, safari hii kaka yangu ametia sahihi pia.