Friji

Leo Alhamisi, na bado niko kwenye neno moja lililonitoka Jumamosi. Friji.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: mdogo wangu kavalishwa pete, ofisini tumeletewa meneja mpya, Junior kavunja kioo cha jirani kwa mara ya pili. Yote yamepita. Mimi bado nimekaa chini ya mti kule Pugu, watu wote wananitazama, nasubiriwa nijibu.

Kikoba chetu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, mwaka huu hakikutaka sherehe ya ukumbini. Mweka hazina alipiga hesabu ya pilau, mapambo na MC, akasema kwa hela hiyo tukodi Coaster twende msitu wa Pugu-Kazimzumbwi tukapumue. Kuna walionuna, maana sare zilishashonwa. Mimi nilifurahi, nikanyamaza.

Aliyetupokea ni binti aliyesomea misitu pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, mwembamba, sauti ya chini, anatuita "mama zangu". Akasema leo hatuna haraka ya kufika popote, tunaoga msitu. Mama Salma akauliza, "Tunaoga na nguo?" Kumbe jina hilo lilitungwa na watu wa misitu wa serikali ya Japani mwaka 1982: unaingia msituni hukati, hupandi, huwindi, unakaa tu, unanusa, unasikiliza. Nikawaza, haya mambo bibi yangu alikuwa akiyafanya kila alipokwenda kuokota kuni, ila yeye alirudi na mzigo kichwani.

Simu zikaingia kwenye kapu. Kila mtu na mti wake, dakika kumi na tano, macho yamefumbwa. Za kwanza tano nilihesabu marejesho. Halafu kitu kikanitambaa mguuni, nikafumbua macho: jongoo, mweusi anang'aa, anapanda raba yangu taratibu kama mzee anayepanda ngazi za benki. Nikamsogezea kijiti, akakiparamia, nikamtupa na kijiti chake. Nikacheka peke yangu, methali ile nimeitimiza bila kukusudia. Baada ya hapo, sijui. Majani makavu yalinuka kama sanduku la nguo lililofungwa siku nyingi. Sikuhesabu tena.

Tulipokusanyika binti akauliza mmoja mmoja, "Umesikia nini?" Ndege. Upepo. Mama Salma kasikia "utulivu", watu wakamwitikia kama yuko kwenye mimbari. Ikafika zamu yangu.

"Friji," nikasema.

Kimya. Halafu kicheko, kile cha kushikana mabega. Na Mama Salma, hata hakunitazama, akasema, "Mwacheni, mwenzetu kaja na jiko lake."

Nimeshamjibu mara mia. Nikiwa kwenye daladala namwambia, afadhali mimi nilisema nilichosikia, wewe ulisema unachotaka tukusikie. Nikiosha vyombo nampa jibu la upole zaidi. Jumatatu usiku nilikuwa na jibu zuri mno, asubuhi limepotea. Pale penyewe nilicheka na wenzangu, nikajipangusa sketi.

Binti peke yake hakucheka. Akasema mama hajakosea, ule mvumo ni nyenje, wale wadudu wa mitini, na anayevuma ni dume, ana ngozi mbili ubavuni anazitikisa kama ngoma ili jike amsikie. Hapo tena kila mtu akawa na lake la kusema kuhusu madume, nikasahaulika. Wakaenda kwenye mapango ya udongo mweupe kuona popo. Mimi nilibaki nje. Popo waniwie radhi.

Ila juzi usiku nimelala, friji ikaanza kuvuma, nikajikuta nimeinua kichwa. Mwaka na nusu mama alikuwa hapa na insulini yake ilikaa kwenye mlango wa ile friji. Umeme ukikatika saa nane za usiku ni mimi nilishtuka kabla ya mtu yeyote, kwa sababu ya kile kimya, nikakimbilia chupa ya barafu. Mama yuko kwa kaka Muheza tangu Februari, dawa kaondoka nayo. Sikio limebaki zamu. Kwa hiyo Mama Salma alisema kweli, jiko nilikwenda nalo. Lakini pale Pugu lilivuma robo saa nzima na sikuinuka hata mara moja.

Basi usingizi ukaisha, nikaanza kusoma mambo ya miti na wagonjwa. Kuna mtafiti Roger Ulrich, mwaka 1984 alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo, nusu dirisha lao linaona miti, nusu linaona ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema na walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Asubuhi nikampigia kaka, nikamuuliza kitanda cha mama kimeelekea wapi.

"Kimeelekea kabatini."

"Kigeuze kitazame mwembe."

"Umeanza," akasema. Lakini jioni akanitumia picha: mama kaegemea mto, kitenge begani, anautazama mwembe kama mtu anayesubiri embe zianguke. Nimeshaitazama picha hiyo mara nyingi kuliko nilivyomjibu Mama Salma, na hiyo si mara chache.

Jumapili kuna kikao cha marejesho. Nitakwenda, na nitakaa karibu naye, tuone.

Mwenye nyumba kanitumia ujumbe mchana huu: "Mama Junior, kesho nitapita tuongee." Hajasema ni la nini. Kodi nimelipa mpaka Desemba. Si kawaida yake kuandika "tuongee".