Siku moja na ndugu wawili waliochorwa na Van Dyck

Saa kumi na mbili asubuhi niko kituoni nangoja basi, na baridi ya London haina huruma. Saa tatu nimeshavaa sare, redio iko kiunoni. Mimi ni mlinzi wa vyumba pale National Gallery, jumba la maonyesho ya picha, na leo nimepangwa chumba nikipendacho: cha Lord John Stuart na mdogo wake Bernard, waliochorwa na Anthony van Dyck mnamo 1638 hivi.

Saa nne milango inafunguliwa. Kiingilio ni bure, basi watu wanamiminika. Turubai lina kimo cha zaidi ya mita mbili. John, aliyevaa rangi ya dhahabu, ameegemea nguzo na mawazo yake yako mbali. Mwenye maringo ni Bernard: mguu mmoja kwenye ngazi, joho la satini limepinduliwa ili bitana ing'ae, na jicho analokutupia ni kama umechelewa kumfungulia mlango.

Saa sita mama mmoja anasikia lafudhi yangu.

“Habari za kazi, mwanangu? Hawa ni mtu na mkewe?”

“Nzuri, mama, shikamoo. Ni ndugu, tumbo moja.”

“Marahaba. Na nywele zote hizo!”

Tunacheka hadi watu wanageuka. Namweleza kuwa walikuwa jamaa wa Mfalme Charles I wa Uingereza, na mwanzoni mwa 1639 walipewa ruhusa ya kusafiri ng'ambo miaka mitatu. Huenda hizo ndizo nguo za kuagia.

Saa nane, baada ya kula kiporo cha wali, wanafunzi wanaingia. Swali lao ni lilelile: walikufaje? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1642, nao wakawa upande wa mfalme. Kaka yao George aliuawa katika mapigano ya Edgehill mwaka huohuo, John akafuata 1644 baada ya mapigano ya Cheriton, Bernard 1645 karibu na Chester. Watatu hao, hakuna aliyefikisha miaka 25.

Mwalimu wao anawaambia mchoraji aliona kifo machoni mwa vijana. Nanyamaza, silipwi kubishana na walimu. Lakini Van Dyck alifariki Desemba 1641, kabla ya vita. Mimi ninachokiona pale ni ujana, pesa na hamu ya safari.

Saa kumi na mbili jioni tunafunga. Miguu inawaka moto, na kesho nimepangwa chumba kingine.